Akiba ya Mzazi Siku ya Hatari

Mzazi asikiapo uvumi kwamba kesho njia zitafungwa na watu watakatazwa kutoka nje, fikira zake haziendi kwanza kwa wakuu wa nchi wala kwa majeshi yao. Huenda jikoni. Hufunua pipa la unga, hutikisa chupa ya mafuta, huhesabu vidonge vya mtoto mgonjwa, kisha hutazama fedha alizo nazo mkononi. Mambo makubwa ya dunia humfikia kwa umbo la swali dogo: watoto wangu watakula nini, na kwa siku ngapi? Nyuma ya swali hilo liko jingine, nalo ndilo nitakalo tulitafakari katika insha hii: siku kama hiyo, mzazi ana haki ya kujiwekea kiasi gani, ilhali jirani yake naye ana watoto?

Ni rahisi kujibu kwa methali. Mmoja atasema, "Akiba haiozi." Mwingine atasema, "Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali." Methali zote mbili ni za kweli, lakini siku ya hatari hugombana katika mlango wa nyumba moja. Yafaa basi tuzitazame zikiwa kazini, mahali ambapo watu wamejaribiwa kwa hakika.

Mahali pamoja pa namna hiyo ni bonde la Kashmir, lililozungukwa na milima mirefu, ambalo India na Pakistan zimeligombania tangu mwaka 1947. Barabara kuu itokayo Jammu kwenda Srinagar hupita milimani, na wakati wa baridi huzibwa mara kwa mara na theluji na maporomoko ya ardhi. Kuna siku 40 za baridi kali kupita zote, zianzazo tarehe 21 Desemba, ambazo wenyeji huziita Chillai Kalan. Kwa sababu hiyo watu wa Kashmir wana desturi ya kale: wakati wa jua hukata nyanya, biringanya na mamumunye, huvianika mpaka vikauke, na kuviweka akiba pamoja na mchele. Desturi hiyo iliyozaliwa na theluji imewafaa pia katika fitina za wanadamu. Mwezi Julai 2016, baada ya askari kumwua kijana aliyekuwa kiongozi wa waasi, ghasia zilizuka, na amri ya kutotoka nje ikadumu zaidi ya siku 50.

Miaka mitatu baadaye jaribio lilikuja upya. Tarehe 2 Agosti 2019 serikali iliwataka mahujaji na watalii waondoke bondeni upesi. Wenyeji walitambua kwamba jambo kubwa laja, ila hawakujua ni jambo gani. Wakakimbilia madukani, kwenye vituo vya petroli na kwenye mashine za kutolea fedha, na kila mahali pakawa na mistari mirefu ya watu. Usiku wa tarehe 4 simu na intaneti zilikatwa, na siku ya pili yake serikali ya India ikaifutia Jammu na Kashmir hadhi yake ya pekee. Simu za mkononi za kwanza kurudishwa zilikuwa zimekaa kimya kwa siku 70; intaneti ya kasi haikurudi mpaka Februari 2021. Mzazi aliyekuwa na mchele wa kutosha aligundua kwamba hakuweza kumwita daktari wala kumwuliza mwanawe aliye mbali kama yu hai. Kumbe vipo vitu ambavyo havitiwi guniani.

Sasa angalieni tofauti iliyopo baina ya akiba mbili. Mama aanikaye nyanya wakati wa mavuno hamnyang'anyi mtu. Nyanya ni tele, na pengine zingaliozea sokoni. Akiba yake huongeza chakula duniani. Lakini mtu aendaye dukani usiku wa mwisho, akakuta mifuko kumi na miwili ya unga na kuchukua kumi kwa kuwa fedha anazo, haongezi chochote. Duka halizai usiku mmoja. Kila mfuko anaouingiza nyumbani kwake huutoa katika nyumba ya mwingine. Unga ni ule ule, na mapenzi kwa watoto ni yale yale. Lakini wa kwanza ametumia busara, na wa pili ametumia nguvu, ijapokuwa nguvu yenyewe ni ya mfuko wa fedha tu.

Pengine mtu atauliza: je, yule kibarua alipwaye jioni kwa kazi ya mchana, atawekaje akiba wakati wa mavuno? Swali hili ni la haki. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba angalijiandaa mapema ni kumtukana juu ya umaskini wake. Yeye akija dukani siku ya mwisho kununua unga wa siku mbili, hana choyo; ana haja. Kwa hiyo hatuwezi kuhukumu kwa saa peke yake. Hatuna budi kutazama pia kipimo cha alichochukua, na uwezo aliokuwa nao kabla ya siku ile.

Wengi wenu mwaijua hadithi ya Yusufu katika nchi ya Misri, jinsi alivyokusanya nafaka katika miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya njaa. Mara nyingi hadithi hiyo husimuliwa kuwa sifa ya akiba, nayo ni sifa njema. Lakini katika kitabu cha Mwanzo imo sehemu ambayo watu huipita haraka: wenye njaa walitoa mifugo yao, kisha mashamba yao, kisha nafsi zao, ili wapate nafaka. Ghala ile ile iliyookoa maisha yao iliwafanya watumwa wa Farao. Basi haitoshi kuuliza akiba iliwekwa lini. Tuulize pia mlango wake ulifunguliwa kwa masharti gani.

Sisi Wakenya hatuko mbali na habari hizi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yalipotangazwa tarehe 30, nchi iliwaka moto. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha yao, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, kabla ya mapatano kutiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 15, nasi tulikaa katika mji mdogo wa Bonde la Ufa. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo, maduka yakafungwa, na kinu cha kusagia unga kikanyamaza. Mama alikuwa na magunia mawili ya mahindi ya mavuno na debe la maharagwe. Kwa kuwa hapakuwa na pa kusaga, tulikula githeri mchana na usiku.

Mama aliyatenga magunia yale. Moja alilisukuma chini ya kitanda, akasema, "Hili ni la watoto wangu, halifunguliwi." La pili aliliweka nyuma ya mlango, na kutoka katika hilo aliwapimia majirani kwa gorogoro, wa kabila letu na wasio wa kabila letu. Baba alimwonya, "Mama watoto, hujui siku hizi zitakwisha lini." Naye akamjibu, "Sijui, Baba watoto. Ndiyo sababu nimeyatenga."

Katika juma la tatu gunia la mlangoni liliisha. Jioni moja akaja mwanamke tusiyemjua, mtoto yu mgongoni, akaomba chochote. Mama alitazama upande wa chumba chenye kitanda, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hana kitu. Yule mwanamke akashukuru, akaenda zake. Njia zilipofunguliwa, tulipolivuta gunia la chini ya kitanda, karibu nusu yake ilikuwa imebaki. Mpaka leo mama hawataji wale aliowapa. Humtaja yule mmoja aliyemrudisha mikono mitupu.

Je, mama alikosa? Nimejiuliza mara nyingi, mimi niliyekula mahindi yale. Siwezi kumhukumu. Mzazi ni mdhamini wa watoto wake kabla ya kuwa mfadhili wa wapita njia, na mtu asiyejua siku za njaa hana njia ya kupima ziada. Haki alikuwa nayo. Lakini haki haikumtosha. Uchungu wake hauonyeshi kwamba alitenda uovu. Waonyesha kwamba moyo wake haukufungwa pamoja na mlango. Anayestahili kuogopwa ni yule ambaye humrudisha mwenye njaa, kisha akala na kulala bila kumkumbuka.

Tena, lawama ina wenyewe. Wale walioweka mawe barabarani, na wale waliowachochea kuyaweka, hawakuzuia magari peke yake. Walimfanya mwanamke mwema aseme uongo mlangoni pake. Katika vita huhesabiwa waliokufa na nyumba zilizoteketea, na ni haki vihesabiwe. Lakini hasara ya namna hii haiandikwi na mtu. Watu walioweza kuwa wakarimu hulazimishwa kuwa wachoyo, kisha huachiwa wabebe aibu ambayo si yao.

Ninyi vijana mtakuwa wazazi. Wekeni akiba mapema, wakati vitu vi tele, wala msingoje uvumi uwakimbize. Mkichelewa, chukueni cha kuwatosha wenu, mkamwachie aliye nyuma yenu mstarini. Tengeni cha watoto bila kuona haya, tena mtenge cha mlangoni, kiwe kidogo namna gani. Na mtakapofikia umri wa kupiga kura na kusema mbele za watu, jihadharini na kila neno liwezalo kuweka jiwe barabarani. Magunia mawili ya mama yangu yalikuwa ya mahindi mema, nasi tulishiba. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja na mtoto wake ambao hayakuwafikia, na njia iliyo wazi ingaliwafikisha sokoni.