Dirhamu ya Chakula na Dirhamu ya Shoka

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu wa miji ya pwani, twawaandikia kutoka darasa letu la Kiganjo, hapa Thika. Msidhani kuwa tu mbali nanyi. Mto Chania huungana na mto Thika papa hapa, kisha Thika huingia Tana, na Tana hupita Garissa, Hola na Garsen hata humwagika baharini karibu na Kipini. Na maji ya jirani yetu, mto wa Ruiru, huishia Athi, ambao ukifika kwenu huitwa Sabaki. Mvua itunyeshayo sisi ndiyo iwafikayo nyinyi.

Katika Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 katika Kenya, na Tana ikaikata barabara ya Garissa. Siku hizo hizo, tarehe 4 Mei, kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Maji na upepo havikumuuliza mtu dini yake.

Yanapotokea mambo kama hayo, Waislamu hatulali. Sufuria hupikwa, unga na mablanketi huchangwa, na hilo ni jema wala hatulidharau. Lakini tujiulize: mwezi wa sita ukiingia, ni nani aliyebaki? Mkulima hana mbegu. Mama aliyechukuliwa cherehani na maji hana kazi. Kisima kimejaa tope. Deni la dukani lakua. Nasi tumekwisha rudi majumbani, twajihesabia thawabu.

Tutazame mwendo wa Mtume wetu, sala na salamu zimshukie. Amepokea Abu Daud ya kuwa mtu mmoja katika Ansari alimwendea kuomba. Mtume akamwuliza alicho nacho nyumbani. Hakuwa na kitu ila kitambaa na bakuli. Akavinadi vikauzwa kwa dirhamu mbili. Dirhamu moja akamwambia awanunulie watu wake chakula; ya pili anunue shoka. Kisha akautia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akate kuni, asionekane kwa siku kumi na tano. Yule mtu alirudi na dirhamu kumi.

Ndugu zetu, sisi twatoa dirhamu ya kwanza tu. Dirhamu ya shoka iko wapi?

Na pwani yetu ina mafunzo yake. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu na minazi kwa wingi, ikavunja vyombo bandarini. Mkarafuu haukupi kitu ila baada ya miaka mitano, sita au zaidi. Aliyetaka kupanda upya alihitaji wa kumshika mkono miaka yote hiyo. Wenye mashamba wengi walikuwa katika rehani, na madeni hayo, ambayo hayakuanza na tufani wala hayakuishia nayo, yaliendelea hata miaka ya 1930 serikali ikawa yatunga sheria kwa ajili yake. Upepo hupita kwa siku moja, deni hurithiwa.

Basi yatupasa mambo matatu.

La kwanza, zaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi ina mipaka: ni ya Waislamu wenye kuistahiki katika mji wake. Lakini katika mafungu yake manane limo la wenye madeni, nalo twalisahau. Mtafuteni katika mtaa wenu aliyezama katika deni baada ya maji, mumfungue.

La pili, sadaka na karadha isiyo riba. Hizi hazina mpaka wa mto wala wa dini. Jirani asiye Mwislamu ana haki yake. Zinunue mbegu, jembe, nyavu na cherehani.

La tatu, wakfu. Sayyidna Umar aliizuilia ardhi yake ya Khaibar, asili yake isiuzwe, na mazao yake yakawa ya mafakiri na wasafiri. Wazee wetu wa pwani walifuata mwendo huo kwa nyumba na minazi. Kwa nini lisiwepo duka moja la wakfu, kodi yake ikangojea mafuriko yajayo? Na iwepo daftari, isomwe mbele ya watu kila mwaka, kwani amana isiyohesabiwa huzaa shaka.

Atakayesema hana uwezo na azitazame gharama za harusi zetu na za karamu za matanga yetu. Mali ipo, iliyopotea ni niya ya kudumu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wa kutia mpini kwa mikono yetu. Amin.

Wassalaam.