Mjumbe na Wakili

Mtu akisikia habari za jamii isiyo na dola, swali lake la kwanza huwa la polisi: nani atamkamata mwizi? Linalonisumbua mimi ni la kabla ya hapo. Jambo likivuka mipaka ya kijiji, nani atakwenda kulisemea, na akifika huko ana ruhusa ya kusema nini?

Kiswahili kinanisaidia hapa kuliko nadharia nyingi za siasa nilizosomeshwa. Tuna wakili na tuna mjumbe. Wakili umemkabidhi jambo lako. Akikubali, umekubali, hata kama siku hiyo ulikuwa shambani. Mjumbe kabeba neno tu. Ndiyo maana mjumbe hauawi: neno si lake. Siku hizi kila anayekaa kwenye kamati ni mjumbe na kila aliyepigiwa kura ni mwakilishi, na tofauti imefifia. Waanarkisti wamekuwa wakiidai tangu karne ya 19. Watu wakutane wenyewe, kijijini au kiwandani, waamue. Nje ya hapo wampeleke mtu aliyefungwa na maagizo yao, wanayeweza kumwita arudi siku yoyote.

Je, inawezekana? Mfano ninaourudia ni wa Chiapas, kusini mwa Meksiko. Wazapatista hawajiiti waanarkisti, na wana jeshi. Lakini mwaka 1994, wiki chache baada ya kuchukua silaha tarehe 1 Januari, wajumbe wao walikaa na serikali katika kanisa kuu la San Cristóbal de las Casas. Serikali ikaweka mapendekezo mezani. Wajumbe hawakusaini. Walisema hawana mamlaka hayo, wakayabeba hadi vijijini, yakajadiliwa kwa Kitzeltal, Kitzotzil, Kichol na Kitojolabal. Jibu lilitoka Juni: hapana.

Miezi mitatu! Mwanadiplomasia yeyote angeona ni dharau. Mimi naona ndiyo gharama halisi ya mfumo huu, na anayeunga mkono demokrasia ya moja kwa moja bila kuitaja bei hiyo anatuuzia mbuzi kwenye gunia. Uamuzi wa watu wote unakula muda, na muda haukugawanywa sawa. Mkutano wa usiku kucha una mtu anayepika, na aliye jikoni hayumo mkutanoni. Ondoa rais, ondoa mkuu wa wilaya, chungu bado kiko jikoni na wa kukipika ni yuleyule. Kwa hiyo naiona Sheria ya Mapinduzi ya Wanawake, ambayo Wazapatista waliipitisha mwaka 1993, kabla hata ya vita, kuwa sehemu ya mfumo wenyewe wala si pambo lake. Inampa mwanamke haki ya kushiriki mambo ya jumuiya na kushika uongozi akichaguliwa. Inamwachia pia aamue idadi ya watoto atakaozaa. Haki hiyo ya pili ndiyo inayompa nafasi ya kuitumia ile ya kwanza.

Hapa Tanzania tuna kitu kinachofanana kwa umbo. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria ya mwaka 1982, ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Ila uliundwa kutoka juu, na kilichoundwa kutoka juu hutazama juu.

Kutazama juu, hata hivyo, si ugonjwa wa serikali peke yake. Mwaka 2003 Wazapatista waliunda Mabaraza ya Utawala Bora: watu wa kawaida wakipokezana zamu bila mshahara, chini ya kanuni ya kuongoza kwa kutii. Miaka miwili baadaye jeshi lao lilikiri hadharani kwamba lilikuwa likijiingiza katika maamuzi ya raia. Na mwaka 2023 wakayavunja mabaraza yenyewe. Walisema muundo ulikuwa umegeuka piramidi: maneno ya juu hayafiki chini, ya chini hayapandi. Mamlaka yakarudishwa kwa kila kijiji. Wapo wanaosoma habari hiyo kama ushahidi wa kushindwa. Nijuavyo mimi, ni nadra mno utawala kujivunja kwa sababu mjumbe ameanza kuwa wakili.

Linabaki la mtu aliyeshindwa kwenye hoja. Wengi wape, tunasema, na methali hiyo haina subira na wachache. Huko Aragón, Uhispania, mwaka 1936, wakulima walipounganisha mashamba, katika vijiji vingi asiyetaka aliachiwa ardhi aliyoweza kuilima bila vibarua. Naupenda utaratibu huo kuliko hotuba zote za umoja. Lakini wanamgambo wenye bunduki walikuwa karibu, na “ndiyo” inayotamkwa mbele ya bunduki siijui thamani yake.

Ningeanza na kijambo kidogo. Kabla ya kila uamuzi yasomwe majina ya wasiokuwepo, na sababu: anauguza, yuko zamu, hakualikwa. Kisha mkutano uulizwe kama bado unataka kuamua leo. Wenzangu huniambia vikao havitaisha. Pengine vitaisha kesho yake, wale waliotajwa wakiwemo.