Kosa la Mashine Ni Kosa la Nani?

Msomaji, wazee walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Waliotunga methali hii walikuwa wakimfikiria mtoto wa binadamu. Siku hizi yuko mlelewa mwingine asiye na damu wala moyo, naye ni mashine inayojifunza. Mlelewa huyu akikosa, alaumiwe nani? Huenda swali hili likaonekana kuwa la mafundi peke yao. Mimi nasema ni letu sote, nawe ni mmoja wetu.

Yapasa kwanza tujue mashine hujifunzaje. Kwa desturi kompyuta hufuata amri ilizoandikiwa na mtu, hatua kwa hatua. Mashine inayojifunza hupewa mifano, ikaachwa itafute kanuni yenyewe. Mwaka 1959 Arthur Samuel, mhandisi wa Marekani, alieleza jinsi kompyuta ilivyoweza kujifunza mchezo wa dama hata ikamshinda mtu aliyeiandikia programu yake. Basi tuseme twataka mashine ipambanue uso wa mwanamume na uso wa mwanamke. Huonyeshwa picha, nayo hubahatisha jibu. Jibu hilo hulinganishwa na jibu la kweli, na pakiwa na kosa, hesabu zilizomo ndani ya mashine hurekebishwa kidogo ili kosa lipungue. Kazi hii hurudiwa mara maelfu kwa maelfu. Mwishowe mashine hujibu vyema, ingawa hapana mtu aliyeiambia kanuni hata moja.

Walakini kujibu yale uliyokwisha kuyaona si kujua. Wewe mwenyewe wamfahamu mwanafunzi anayekariri majibu ya mitihani iliyopita, kisha swali likigeuzwa kidogo akabaki ameduwaa. Mashine nayo yaweza kukariri vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo mafundi huweka kando picha ambazo mashine haijaziona, wakaitahini kwazo. Hii ni desturi njema. Lakini je, mtihani wenyewe ukiwa na upendeleo, nani atagundua?

Mwaka 2018 wataalamu wawili, Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walitangaza uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliona kwamba makusanyo mawili mashuhuri ya picha za kupimia mashine za nyuso yalijaa watu wenye ngozi nyeupe, zaidi ya robo tatu ya wote. Wao wakakusanya picha za wabunge 1,270 wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Aislandi, Ufini na Uswidi, wakazipima kwazo mashine za makampuni matatu. Kwa wanaume weupe, mashine iliyokosa zaidi ilikosa kwa asilimia 0.8 tu. Kwa wanawake weusi, iliyokosa zaidi ilikosa kwa asilimia 34.7, yaani zaidi ya mara moja katika kila mara tatu.

Huenda ukauliza, kosa kubwa namna hii lilijifichaje? Chukua kalamu tuhesabu. Tuseme mtihani una nyuso 100, 80 nyeupe na 20 nyeusi. Mashine inapata zote 80, na katika zile 20 inakosa 8. Alama zake ni 92 kwa 100, na kila mtu ataisifu. Lakini kwa wale 20, imekosa watu wawili katika kila watano. Sifa ya jumla yaweza kufunika dhuluma ya wachache, kama blanketi zuri linavyofunika godoro lililooza.

Turudi kwenye swali letu. Tukiilaumu mashine, twapiga kivuli fimbo, kwani haikuchagua mifano yake wala haikuweza kuikataa. Muundaji naye atajitetea: "Sikuandika neno hata moja la ubaguzi." Utetezi wake ni wa kweli, lakini hautoshi. Mlezi halaumiwi kwa aliyoyasema tu. Hulaumiwa pia kwa aliyoyaacha mtoto ayazoee. Aliyechagua mifano, aliyetunga mtihani, na aliyeridhika na alama 92 bila kuuliza zile 8 zimekwenda wapi, wote wana sehemu yao katika kosa. Tena lilikuwa kosa lenye dawa: uchunguzi uliofuata mwaka 2019 ulionyesha kwamba mashine zile tatu zilikuwa zimepunguza makosa yake. Uzembe ulioweza kurekebishwa hauwezi kuitwa ajali.

Sasa, kijana, jitazame. Wewe nawe ulijifunza kwa mifano kabla hujaweza kuuliza. Labda ulisikia mara kumi kwamba watu wa kabila fulani ni wachoyo, au kwamba msichana hawezi hesabu, ukayaamini bila ya mtu kukupa hoja. Kufikia hapo wewe na mashine mko sawa. Tofauti yenu huanzia mbele kidogo. Mashine ile haiwezi kusimama ikajiuliza: mifano hii nilipewa na nani, na ni watu gani ambao sikuonyeshwa? Wewe waweza. Na kwa kuwa waweza, yakupasa.

Huenda siku moja ukawa fundi wa mashine hizi, au hakimu, au mwajiri atakayezitumia kupima watu. Ukiletewa alama nzuri, usiharakishe kushangilia. Uliza kwanza ni nani waliokosewa. Na kabla ya kuiuliza mashine swali hilo, jiulize mwenyewe.