Ujira wa Nguvu

Mtu auzaye nguvu zake huuza nini? Huuza jasho, nalo hurudi akipumzika. Pengine huuza pia kisichorudi.

Mike Webster alicheza mpira wa Kimarekani tangu 1974 hadi 1990. Mahali pake palikuwa katikati ya safu ya mbele, ambapo mchezaji huwakinga wenziwe kwa kifua na kichwa. Pamoja naye Pittsburgh ilitwaa ubingwa mara 4, lakini macho ya watu yaliwafuata waliobeba mpira. Alikufa mwaka 2002, umri wake miaka 50, akili zikiwa zimemvurugika. Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wake. Mwaka 2005 yeye na wenziwe wakaeleza maradhi yaliyohusishwa na mapigo ya kichwa.

Husemwa kuwa aliridhia kazi, akapokea mshahara. Hoja hii ina uzito, ila haitoshi. Ridhaa huzaliwa na ujuzi. Asiyejua kinachochukuliwa hawezi kukiuza. Mshahara ulilipa jasho, akili haikulipwa. Deni lililobaki si la tajiri wa timu peke yake: aliyeshangilia naye ni mdaiwa.