Mkono Unaopima Chakula



Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 6, twakuta kanisa changa la Yerusalemu, lenye ukarimu mwingi na bado lenye manung'uniko. Wajane wa upande wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa chakula kilipogawanywa. Hatusomi kwamba mitume waliwakemea. Waliona kazi imewazidi watu, wakaagiza wachaguliwe 7 wenye sifa njema, akina Stefano na Filipo, wakawawekea mikono. Kugawa chakula cha maskini kulihesabiwa kazi takatifu.

Nasi je? Mwezi Juni 2023 posho ya chakula ya wakimbizi mkoani Kigoma, kambini Nyarugusu na Nduta, ilishushwa hadi nusu kwa upungufu wa michango. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likatangaza kupunguza watumishi wake kwa asilimia 25 hadi 30. Ndivyo ilivyo: hupunguzwa magunia, kisha hupunguzwa wanaoandika majina, wanaopima na wanaotunza ghala. Njaa yenyewe haipungui. Anayebaki hufanya kazi ya wawili, jina la mjane huruka, na asiye na wa kumsemea hurudi na kikapu kitupu.

Tusinyoshe kidole mbali. Hapa Kamsamba Mungu ametupa bonde la Mto Momba na mpunga wake. Wazazi tukishapeleka shuleni nafaka ya watoto, twajiona tumemaliza. Ujira wa mpishi husubiri. Mama huyo huamka alfajiri, huchota maji, huvumilia moshi, nasi twamwambia, "Mungu atakulipa." Ni kweli atamlipa. Lakini fungu lake Mungu ameliweka mikononi mwetu. Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, watuonya kwamba ujira uliozuiliwa una kilio, nacho humfikia Bwana. Tena tukimwacha apike na njaa, siku kibaba cha unga kitakapopungua tutakuwa wa kwanza kumwita mwizi.

Basi, sikukuu ya mavuno ijayo, tuletapo debe la mpunga, tutenge na fungu la anayepika na anayegawa. Kamati nazo zihesabu walaji, kisha zihesabu mikono, kama inatosha.

Baada ya wale 7 kuwekwa kazini, twasoma kwamba neno la Mungu lilizidi kuenea. Wajane waliposhiba, wengi waliamini. Mungu atupe moyo huo. Amina.