Kumtazama mwenye kulima

Kwetu Kasongo, na vilevile kule Kabambare, mtu hapiti kando ya shamba la mwenzake kimya. Ukimkuta mama ameinama kwenye mpunga, unasema: "Mama, pole na kazi." Naye anaitika, hata bila kuinuka. Ukipita na macho tu, jioni watakusema: yule alitutazama kama vile sisi ni miti.

Desturi hii ndogo inagusa swali ambalo wachoraji wa Ufaransa walikutana nalo katika karne ya 19, walipoanza kuchora nje. Tangu mwaka 1841 rangi ziliweza kutiwa katika tyubu za bati, basi mchoraji akabeba vyombo vyake hadi shambani. Mmoja analima, mwingine amesimama pembeni na brashi. Huyu wa pili ana haki gani?

Tuchukue tablo inayoitwa Les Foins, yaani majani makavu ya kulisha mifugo. Jules Bastien-Lepage aliichora mwaka 1877 kule Damvillers, kijiji alichozaliwa mwaka 1848. Leo iko Paris, katika makumbusho ya Orsay. Kazi yenyewe haionekani. Mwanaume amelala chali, kofia usoni. Mwanamke ameketi, mikono imeanguka mapajani, mdomo wazi kidogo, macho yanaangalia bila kuona kitu. Kila mwenye kupalilia mpunga katika jua la saa sita anayajua macho yale. Wengine walichora mavuno kama sikukuu. Ni tablo nzuri, lakini humo ndani mgongo haumwumi mtu.

Nadhani aliona vile kwa sababu alikuwa mtoto wa pale, na mwanamke yule alikuwa binamu yake. Hata hivyo kukaa mbele ya mchoraji bila kujongea ni kazi pia, na jina linalosifiwa ni la mchoraji. Undugu ulimpa ruhusa ya kutazama. Ulimpa na deni.

Upande wetu, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi hakusimama kando ya shamba. Katika miaka ya 1970 alichora historia ya nchi kwa kumbukumbu. Tablo za aina ya "Colonie belge", ambazo watu walizitundika saluni, zinaonyesha fimbo. Wazee wetu wa Maniema waliijua fimbo hiyo juu ya pamba: kwa amri ya mwaka 1917, kilimo cha lazima kilikuwa siku 60 kwa mwaka, mwaka 1942, wakati wa vita, zikafika 120. Mgeni mwenye brashi, kama angesimama pale asubuhi moja, angeona weupe wa pamba tu.

Siku hizi brashi haina lazima, telefone inatosha. Vijana wetu wanampiga picha mama mwenye mzigo wa mihogo akipanda mlima, wanaituma mbali, watu wanasifu "uzuri wa kijiji". Wamemwuliza? Mara chache. Wanafunzi wananijibu: Mwalimu, picha haimpunguzii kitu. Sikubali. Imechukua uso wake saa amechoka, saa hawezi kujipanga. Anayeutaka uso ule aanze na salamu, mama aweke mzigo chini, aseme ndiyo ama hapana. Akikataa, picha isiwepo.

Mtaniambia kwamba hivyo tungekosa tablo nyingi nzuri. Ndiyo, tungezikosa.