Butura ya dada

Kwetu Nyakatuntu kuna biashara inaitwa butura. Mtu kabanwa na shida, kahawa bado ni maua mtini, anamuuzia mwenye fedha kwa bei ya kutupwa. Msimu ukifika anavuna kahawa isiyo yake. Serikali imeipiga marufuku, na bado inafanyika.

Naifikiria butura tangu dada yangu aliponiuliza kwa WhatsApp kutoka Muscat. Ana miaka tisa kule, kazi za ndani, viza imefungwa kwa mwajiri mmoja. "Mdogo wangu, hivi nikirudi nitakula nini?"

Siku hiyo sikumjibu. Shahada yangu ililipiwa na hela yake.

Habari hizi nimeshaziandika gazetini, tena kwa shangwe: Kenya mwaka 2023 ilipokea zaidi ya dola bilioni 4 kutoka kwa watu wake walio nje. Wachumi wanabishana kama fedha hizo zinakuza uchumi au zinaliwa tu. Mimi naona kuliwa nako ni kuzungusha. Bati la mama lilimpa fundi kazi, fundi akanunua sukari, mwenye duka akalipa ada. Ila wanaosema tunabweteka nao wana lao: mibuni ya baba imejaa magugu. Nani apalilie wakati mwisho wa mwezi simu italia?

Kumbe hesabu zote mbili zinaanzia pale hela inapoingia. Hata makato ya kuituma, ambayo kwa Afrika kusini mwa Sahara ni kama asilimia 8, yanapimwa. Miaka tisa ya dada inapimwa wapi?

Nyumbani wanasema alitoa kwa hiari. Sawa, lakini hata anayeuza butura anauza kwa hiari, na hatujawahi kuiita haki.

Nikapendekeza dada aandikiwe kipande cha shamba kwa jina lake. Mjomba akacheka: huyo ataolewa. Nikamkumbusha kwamba tangu 1990, kwenye kesi ya Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya aliamua mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi, sawasawa na mwanaume. Akasema sisi ni Wanyambo. (Mjomba hakosi jibu.)

Baba hakukataa. Kasema tusubiri msimu uishe.

Jana dada katuma tena, laki mbili. Za kupalilia mibuni.